Gari limefungwa, kioo kimeshuka: namna ya kumtafuta aliyetoa amri

Mvua za Novemba zikishika hapa Kigoma, simu yangu huanza kuita kabla ya saa moja asubuhi. Anayepiga huwa amesimama kando ya gari lake na salamu ameiruka: "Fundi, jana nimefunga, vioo nimepandisha mwenyewe, nimeamka kiti kinachuruzika maji." Kiangazi habari ni ileile, ila badala ya maji ni vumbi jekundu limetanda kwenye dashibodi, au redio imeondoka na waya zake.

Wengi wakifika gereji wana jibu tayari: swichi imekufa, niwekee nyingine. Mimi huwa nawauliza kwanza. Kioo cha umeme hakijiamulii. Kikishuka, ama motor yake imepewa umeme, ama kile kilichokuwa kinakishika kimekiachia. Mkono wa mwizi nauweka kando maana huacha alama kwenye raba na kwenye kitasa. Kuna sababu nyingine ambayo jirani atakutajia kwa sauti ya chini, na sisi watu wa Kigoma tunasifika nayo nchi nzima, lakini nimefungua milango mingi na bado sijaikuta ndani ya swichi.

Kwa hiyo kazi ni kujua umeme ulitoka wapi na nani aliuruhusu. Sehemu kubwa ya jibu unaipata kabla hujafungua skrubu hata moja, kwa kujiuliza: ni vioo vingapi vilishuka? Vilishuka mpaka chini au kidogo tu? Milango ilikuwa bado imefungwa? Wewe na ufunguo mlikuwa wapi? Na gari limefanyiwa nini siku za karibuni, betri mpya, alamu, spika, kuoshwa na mashine ya presha? Fundi anayekutajia bei ya spea kabla ya kuuliza hayo anabahatisha kwa hela yako.

Usiku wa leo kwanza

Kama huna nafasi ya kuja gereji leo, pandisha vioo vyote, zima gari, kisha chomoa fyuzi ya vioo. Kwenye magari mengi ya Kijapani kifuniko cha boksi la fyuzi kimeandikwa P/W, POWER au DOOR, na mara nyingi ni fyuzi kubwa ya ampea 20 mpaka 30. Mengine yana fyuzi zaidi ya moja, kila mlango na yake, kwa hiyo baada ya kuchomoa washa swichi ujaribu kila kioo. Kama kuna kinachotembea bado hujaipata. Angalia pia kama kitasa cha kati, kile kinachofunga milango yote kwa pamoja, kimekufa pamoja nayo. Ikiwa hivyo utafunga milango kwa ufunguo wa kawaida mpaka jambo liishe.

Kabla ya kwenda kulala bandika kipande cha solotepu ndani ya kila kioo, pembe yake iguse ukingo wa raba ya chini pale kioo kinapoingia mlangoni. Asubuhi ukikuta solotepu imezama, kioo kimeshuka, hata kama ni kwa upana wa kidole.

Hapo umepata usingizi, na umepata na kipimo. Fyuzi ikiwa mfukoni mwako na kioo bado kimeshuka, acha kabisa kufikiria swichi, rimoti na alamu. Ruka mpaka chini, "Kimeshuka nusu, kimelala upande", nilipoandika juu ya mashine ya kioo, yaani vyuma vinavyokibeba kioo ndani ya mlango. Kikikaa palepale, tatizo ni umeme.

Vioo vyote vinne viko chini kabisa

Hii ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Vioo vinne havipatwi na ugonjwa mmoja kwa dakika moja. Vimepewa amri moja, na mara nyingi amri hiyo imetoka kwenye rimoti yako mwenyewe.

Watengenezaji wengi wameweka kazi ya ziada kwenye kitufe cha kufungulia milango: ukikibonyeza na kukishikilia, vioo vyote vinashuka ili joto litoke kabla hujaingia. Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz wameitumia kwa miaka mingi. Nissan nyingi zinayo, ukishikilia zaidi ya sekunde 3. Kwenye Toyota hutegemea gari lilivyopangwa, na nyingine hufanya hivyo kwa ufunguo wa kawaida ukiuzungusha kwenye kitasa cha dereva na kuushikilia. Gari limekuja kwa meli kutoka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani au hakipo, na mwenye gari anaweza kulimiliki miaka mitano bila kujua kazi hiyo ipo.

Jaribu sasa hivi. Simama nje ya gari, milango imefungwa, bonyeza kitufe cha kufungua, shikilia, hesabu mpaka tano bila haraka. Vioo vikianza kushuka, mtuhumiwa umemshika mkononi.

Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni Mwanga aliniletea gari dogo lililokwisha kubadilishwa swichi mara mbili. Nyumbani vioo havijawahi kushuka. Kila akienda Kibirizi kupokea mzigo kwenye maboti, akirudi anakuta vyote viko chini, na mara ya mwisho mtu alishachukua mwavuli.

"Mama, ukiwa Kibirizi ufunguo unauweka wapi?"

"Kwenye pochi, mwanangu. Utakaa wapi kwingine?"

Nikamwomba akae kwenye benchi mbele ya gereji na pochi mapajani, kama hatua ishirini kutoka kwenye gari, kisha atoe elfu kumi. Ndani ya pochi ile kulikuwa na kufuli mbili za duka, shada la funguo, simu mbili na daftari la madeni. Akaikandamiza kwapani afungue zipu. Taa za pembeni zikapepesa, halafu tukasikia motor zikilia kwa pamoja, zzzz, vioo vinne vinashuka polepole mbele yetu. Tulitazamana. Nyumbani ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, ndiyo maana gari lilitulia.

Dalili inayothibitisha hili ni milango: amri ikitoka kwenye rimoti, kwanza milango inafunguka, ndipo vioo vinashuka. Lakini kuna mtego hapa. Magari mengi hujifunga tena yenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja kama hakuna mlango uliofunguliwa. Unarudi unakuta milango imefungwa na vioo viko chini, unaapa kwamba haiwezi kuwa rimoti. Inaweza.

Kama huamini, toa betri ya rimoti kwa siku tatu na ufungue kwa ufunguo wa kawaida. Usisahau rimoti ya pili, ile iliyo kwenye droo ya kabati ambayo mtoto huichezea akiangalia katuni. Na ifungue rimoti yenyewe uitazame: raba ya kitufe ikichakaa hubonyea na kubaki hapo, na rimoti iliyowahi kuanguka kwenye maji huota ukungu wa kijani kati ya njia za shaba, ikawa inatuma amri bila kuguswa. Rimoti ya namna hiyo humaliza betri haraka. Ukiona unabadilisha betri kila mwezi, hiyo tayari ni dalili.

Suluhisho la pochi ni kifuko kigumu au mfuko wa pembeni. Kwenye baadhi ya magari, hasa ya Kijerumani, kazi hiyo inaweza kuzimwa kabisa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari au kwenye menyu ya dashibodi. Mimi huwashauri wateja waizime. Joto la Kigoma halijawahi kumshinda mtu wa kushusha kioo kwa mkono akiingia.

Ikiwa rimoti zote hazina betri na vioo vinne bado vinashuka, nenda kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Ndani ya kitasa cha magari yanayoshusha vioo kwa ufunguo kuna swichi ndogo, kidogo kuliko ukucha, inayoiambia kompyuta kwamba ufunguo umezungushwa. Ikiingia maji au ikichakaa inasema ufunguo umeshikiliwa, na kompyuta inatii. Kitasa cha namna hiyo huwa kimeanza vituko vingine zamani: taa ya ndani haizimi, dashibodi inadai mlango uko wazi, milango inajifunga na kujifungua. Dawa yake mara nyingi ni kitasa kingine.

Kioo kimoja tu, kimeshuka mpaka mwisho

Sasa tunaingia kwenye swichi na waya. Lakini kuna kipimo kimoja cha dakika tano ambacho mafundi wengi hukiruka, na ndicho kinachoamua.

Kwa kawaida gari likizimwa, vioo hunyimwa umeme. Toyota nyingi hukuachia kama sekunde 45 za kumalizia kupandisha, na ukifungua mlango wa mbele muda huo unakatwa palepale. Magari mengine, hasa ya Kimarekani, huacha mpaka dakika 10. Baada ya hapo swichi hata ikishikamana ndani, haina cha kupeleka kwenye motor.

Kwa hiyo: zima gari, toa ufunguo, fungua mlango wa dereva na uufunge, subiri robo saa, halafu bonyeza swichi ya kioo. Kisipotembea, vizuri. Kikitembea, umeme wa vioo haukatwi, na hapo una sababu mbili. Ya kwanza ni rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, iliyoshikamana: vile vidole vyake vya ndani vimeungua vikagandana. Itoe, itikise sikioni, weka nyingine ya namba ileile, rudia kipimo. Ya pili ni mkono wa binadamu. Kuna siku vioo viligoma, fundi akaona njia fupi ni kuvipa umeme dairekti kutoka kwenye betri. Vikafanya kazi, mteja akalipa, na tangu siku hiyo gari linalala na umeme mlangoni. Nikikuta waya mwekundu mnene unaingia boksi la fyuzi kwa nyuma na umefungwa kwa tepu nyeusi, huwa sitafuti zaidi.

Angalizo: magari yenye kompyuta inayosimamia kila mlango hayafuati kanuni hii. Mlango wake una umeme muda wote, na swichi hutuma ujumbe tu. Kwa hayo soma makosa kwa mashine kwanza.

Umeme ukiwa haukatwi, kitu kidogo tu ndani ya swichi kinatosha kushusha kioo. Msimu uliopita nilifungua swichi kuu ya vioo, ile ya mlango wa dereva, ya gari la abiria lililokuwa likishusha kioo cha kushoto kila likilala nje kwenye mvua. Ukiigeuza juu chini, mchanga mwembamba ulimwagika kama unga wa ulezi. Chini ya vitufe viwili vya mbele shaba ilikuwa imegeuka kijani, na kati ya kidole kimoja na kingine sisimizi walikuwa wamejenga kichuguu cha udongo. Soda ilishawahi kumwagika pale, ndiyo iliyowaita. Udongo mkavu haupitishi umeme, kwa hiyo mchana kioo kilitulia. Usiku unyevu unapanda kutoka ziwani, mvua inapiga, ule udongo unalowa na sukari yake, umeme unapita. Dereva alikuwa anasema kweli aliposema gari lake linaota usiku.

Swichi ya namna hiyo huoshwa kwa spiriti safi au dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kwa mswaki laini, ikaachwa ikauke kabisa. Vidole vya shaba visuguliwe kidogo sana. Ukitumia msasa mkali unakwangua mipako na kutu inarudi upesi. Plastiki ikiwa imeyeyuka au kunuka moshi, itupe.

Tafadhali sana, usipulizie mafuta ya kopo ndani yake. Najua kila duka la spea linayo na kila mtu ana binamu aliyefanikiwa. Toyota yenyewe iliita magari zaidi ya milioni 7.4 duniani yarudishwe kukaguliwa Oktoba 2012 kwa sababu ya swichi kuu ya vioo: grisi ya kiwandani haikupakwa sawasawa, swichi ikawa inakwama na inaweza kupata moto. Wenye magari walionywa wazi kwamba kuweka vilainishi vya dukani kunaweza kuyeyusha swichi au kutoa moshi. Oktoba 2015 ikaita mengine kama milioni 6.5, tena kwa swichi hiyohiyo ya dereva, safari hii ni mabaki ya uchakavu kujikusanya ndani na kuleta shoti. Kati ya magari hayo kuna Yaris, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Vitz, na Corolla, na RAV4. Hayo ndiyo yaliyojaa barabara zetu. Swichi ikikwaruza au ikinuka, usiipake kitu.

Ukitaka uhakika kabla ya kununua nyingine, pandisha vioo vyote, chomoa soketi ya swichi kuu na uliache gari hivyo usiku mmoja wa mvua. Kioo kikikaa, swichi ina kesi ya kujibu. Kikishuka na swichi iko mezani kwako, tatizo liko kwenye waya, au kwenye swichi ndogo ya mlango ule ule.

Waya za bawabani

Kati ya mlango na nguzo ya mwili wa gari kuna raba ya mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Ndani yake zinapita waya zote za mlango: vioo, kitasa, spika, vioo vya pembeni. Kila ukifungua mlango zinakunjwa, kila ukifunga zinanyooshwa. Gari la teksi hufungua milango mara ngapi kwa siku? Baada ya miaka kumi na tano plastiki yake inakauka, inapasuka, na shaba ya waya mmoja inamgusa jirani.

Motor ya kioo cha kawaida ina waya mbili, na ikipumzika zote ziko hasi. Mmoja ukipata volti 12 kioo kinapanda, mwingine ukipata kinashuka. Kwa hiyo ule waya wa kushusha ukichunika na kugusana na waya wenye umeme wa kudumu, kama wa kitasa au wa taa ya mlango, kioo kinashuka bila swichi kuhusika. Dalili yake: mara nyingi hutokea wakati wa kufunga mlango au muda mfupi baada yake, na kuna siku kioo hichohicho hugoma kabisa kupanda mpaka uusukume mlango kidogo.

Vuta raba itoke upande wa nguzo, irudishe nyuma, pitisha vidole kwenye kila waya. Ulipokatika utausikia kabla hujauona, unakuwa laini kama uzi ndani ya plastiki. Kuunganisha kwa kusokota na tepu ni kujipa kazi ya mwaka kesho. Ongeza kipande kirefu ili maungio yakae nje ya mkunjo, lehemu kwa risasi, funika kwa mpira unaobana kwa moto. Ukikuta soketi au waya za rangi ya njano, usiziguse na taa ya kupimia: kwa kawaida hizo ni za mfuko wa hewa. Na kwenye waya zinazokwenda kompyuta pima kwa mita, taa ya balbu huvuta umeme mwingi na inaweza kuziunguza.

Gari linalobeba dagaa na mahindi lina adui mwingine, panya. Meno yao huwa chini ya zulia na nyuma ya dashibodi zaidi kuliko mlangoni. Ukiona maganda ya waya yaliyotafunwa chini ya kiti, fuata hapo kwanza.

Alamu iliyofungwa baadaye

Alamu nyingi za kuongeza zinakuja na kiboksi cha kupandisha vioo ukibonyeza kufunga. Kimeunganishwa kwa kukata waya za vioo katikati, kwa hiyo rilei zake ndizo zinazoamua nini kinafika kwenye motor. Ikifungwa kinyume, au rilei yake moja ikigandana, unabonyeza kufunga, unaondoka, kioo kinafuata amri isiyo yake. Ukiona jambo limeanza wiki ileile ya alamu, wala usitafute mbali. Kuizima kwa kitufe hakutoshi. Chomoa soketi ya kiboksi na urudishe waya za kiwandani zilivyokuwa. Muulize aliyefunga alikata zipi. Asipokumbuka, umejua kiwango cha kazi.

Ulikipandisha, kikarudi nyuma ya mgongo wako

Huyu hajashuka usiku, ameshuka ukiwa unafunga mlango. Vioo vinavyopanda kwa mguso mmoja vina ulinzi wa vidole: vikikutana na kizuizi vinajua kuna mkono wa mtoto, vinarudi chini. Vumbi la barabara za vijijini likijaa kwenye mfereji wa raba, kioo kinapata ugumu kwenye inchi mbili za mwisho, kinadhani kimembana mtu. Wewe umeshageuka, unamsalimia jirani. Unachokumbuka ni kwamba ulibonyeza.

Bonyeza na usimame uangalie. Kikigota juu na kurudi, toa mchanga kwenye mfereji kwa kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye bisibisi, kisha pulizia silikoni ya raba. Silikoni, nasema. Nimewahi kukuta raba imepakwa mawese, ya Kigoma halisi, nyekundu mpaka kwenye kioo. Kiliteleza siku mbili, halafu vumbi lote la njia likaja kukaa pale.

Tatizo kama hili likianza baada ya betri kutolewa au kubadilishwa, gari limesahau mwisho wa kioo ni wapi. Kwa mengi dawa ni kukipandisha mpaka juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa baada ya kugota, mlango kwa mlango. Taa ya swichi ikipepesa wakati nyingine hazipepesi, gari lenyewe linakuomba hilo.

Magari ya milango isiyo na fremu, kama koupe nyingi, hushusha kioo kidogo kila ukivuta kitasa na kukipandisha ukifunga mlango. Huo si ugonjwa.

Kimeshuka nusu, kimelala upande

Motor ya kioo ina gia ya skrubu ambayo uzito wa kioo hauwezi kuirudisha nyuma. Kioo kikizama bila umeme, basi kimeachana na motor: ama klipu za plastiki zinazokishika zimevunjika, ama waya wa chuma wa mashine ya kioo umekatika nyuzi. Huwa kinashuka upande mmoja zaidi, mara nyingi baada ya barabara mbovu, na ukisikiliza vizuri mlango una kelele za kugongana.

Pandisha kioo, weka viganja viwili pande zote mbili, kivute chini kwa nguvu ya wastani. Kikifuata mikono, ni mashine. Usiendelee kubonyeza swichi ukidhani kitapona, maana waya wa chuma uliokatika hujisokota kwenye gurudumu lake na kumaliza hata kilichokuwa kizima. Kwa usiku mmoja kishike kwa kabari ya mbao ndani ya raba. Mashine mtumba zipo, ila jaribu kila unayoletewa kwa betri kabla hujatoa hela, na chomoa betri ya gari kabla ya kuingiza mkono mlangoni. Kioo kinachotembea chenyewe hakichagui kidole.

Betri dhaifu huweza pia kuifanya kompyuta ya gari kuchanganyikiwa. Ikisoma chini ya volti 12 asubuhi gari likiwa limelala, malizana nayo kabla ya mengine yote.

Kabla ya kurudisha kava la mlango

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Wengi huichana wakifunga spika na kuiacha inaning'inia, wakidhani ilikuwa vifungashio vya kiwandani. Kazi yake ni kuyazuia maji yanayoteremka na kioo yasije kwenye swichi na soketi. Ikikosekana, swichi mpya uliyonunua itamaliza masika moja. Nailoni nene ya kufunikia meza inafaa, ukiibandika kote na kuiacha ukingo wa chini uingie ndani ya mlango.

Chini kabisa ya mlango kuna matundu ya kutolea maji. Kwa udongo wetu huziba, na ukifungua mlango unasikia maji yanacheza kama ndani ya dumu. Yazibue kwa waya mwembamba. Kisha pandisha kioo, mwaga ndoo ya maji juu yake taratibu, uone yanatokea chini na si kwenye zulia. Bandika solotepu yako, liache gari lilale nje, na fundi umlipe asubuhi.